Maradhi ya Maji Safi: Mlipuko wa Dinoflajelati katika Tangi la Matumbawe

Mtu anayefuga samaki wa baharini ndani ya tangi la kioo hujifunza mapema kwamba adui wake mkubwa ni uchafu. Mabaki ya chakula na vinyesi huoza na kutoa amonia. Bakteria huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti na kisha nitrati. Fosfati nayo hujikusanya. Na maji yakisharundikana vitu hivyo huota mwani kila mahali. Dawa yake inajulikana, nayo ni kupunguza chakula, kubadili maji na kusafisha mchanga. Kwa sababu hiyo wafugaji wa matumbawe, ambayo ni mepesi kudhurika kuliko samaki, wamekuwa wakishindana kupata maji ambayo vipimo vyake vya nitrati na fosfati vinasoma sufuri. La ajabu ni kwamba katika matangi hayo hayo, yaliyo safi kuliko yote, ndimo aghalabu unamozuka ugonjwa mmoja usiosikia dawa za kawaida, na ambao kila mfugaji anapozidi kusafisha ndivyo unavyozidi kushamiri.

Dalili zake ni hizi. Utando wa rangi ya kahawia hutokea juu ya mchanga na mawe, kisha hurefuka ukawa kamasi inayoning'inia kama nyuzi, na katika nyuzi hizo hunaswa viputo vingi vya hewa. Asubuhi utando huwa mwembamba. Alasiri, baada ya saa nyingi za mwanga, huwa mzito. Usiku taa zikizimwa hupungua, na pengine hutoweka kabisa. Mfugaji akiunyonya kwa mpira na kuumwaga, hurudi baada ya saa chache tu. Konokono wanaokula mwani huanguka chali, hushindwa kujigeuza, na hufa mmoja baada ya mwingine. Polipu za matumbawe hujifunga, na ngozi iliyofunikwa na kamasi hufa na kuacha mifupa mitupu. Tangi lililochukua miaka mitano kustawishwa laweza kuharibika kwa mwezi mmoja.

Wasababishaji wa maradhi haya ni viumbe wa seli moja waitwao dinoflajelati.

Viumbe wenye mijeledi miwili

Jina hilo limeundwa kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kuzunguka na neno la Kilatini lenye maana ya mjeledi. Linawafaa. Kila dinoflajelati ana mijeledi miwili: mmoja hulala ndani ya mfuo unaouzunguka mwili kama mshipi, na kuutikisa kwake humfanya kiumbe azunguke, mwingine huelekea nyuma na kumsukuma mbele. Wengi wao wamevikwa mabamba ya selulosi yaliyoungana kama deraya. Wengine hawana vazi hilo. Kiini cha seli yao ni cha namna ya pekee, kwani kromosomu zake hubaki zimejisokota wakati wote, hali katika viumbe wengi wengine kromosomu huonekana hivyo wakati seli inapogawanyika tu.

Mwalimu wa baiolojia atapata taabu kuwaweka katika fungu la mimea au la wanyama. Takriban nusu ya jamii zinazojulikana hujitengenezea chakula kwa usanisinuru; nyingine hula viumbe wenzao; na zipo zinazofanya yote mawili kwa kadiri hali inavyoruhusu. Tabia hiyo ya mwisho ni ya kukumbukwa, kwa kuwa inaeleza mengi yatakayofuata.

Inafaa pia ieleweke kwamba si dinoflajelati wote walio maadui wa matumbawe. Tumbawe lenyewe haliwezi kustawi bila wao. Ndani ya seli za polipu huishi dinoflajelati wa jamaa ya Symbiodiniaceae, kiasi cha milioni moja au zaidi katika kila sentimita ya mraba ya tumbawe. Hao huliletea tumbawe sukari inayotokana na usanisinuru, nalo huwapa makao pamoja na kaboni dioksidi na takataka zenye naitrojeni ambazo kwao ni mbolea. Maji yakipata joto mno ushirika huo huvunjika, wapangaji huondoka, na tumbawe hubaki jeupe. Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, pamoja na miamba ya pwani ya Afrika Mashariki. Kadhalika mng'ao unaoonwa na wavuvi usiku wa giza, kasia linapokata maji, mara nyingi ni kazi ya dinoflajelati, mathalani Noctiluca. Kwa hiyo mfugaji wa matumbawe anao dinoflajelati katika tangi lake kila siku, kwa mamilioni. Ugonjwa ni pale jamii fulani, ambayo kwa kawaida huwa ni chembe chache zilizojificha mchangani, inapoongezeka hadi kufunika kila kitu.

Kwa nini maji yaliyo safi?

Katika miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Ujerumani, hasa wa mji wa Berlin, akiwemo Dietrich Stüber, walieneza namna mpya ya kufuga matumbawe. Badala ya kutegemea vichujio vya changarawe, waliweka tangini mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe wote waliokuwamo, wakawasha taa kali, na wakatumia mtambo unaochanganya hewa na maji ili povu linalotokea libebe uchafu kabla haujaoza. Njia hiyo ilifaulu sana, na matumbawe ambayo zamani yalikufa kwa majuma machache yakaanza kukua na hata kugawanywa kwa wafugaji wengine.

Baadaye yaliongezwa mambo mengine. Zikaletwa punje za oksidi ya chuma zinazonasa fosfati. Ikaenea desturi ya kutia maji spiriti au siki kidogo kidogo ili bakteria wale kaboni hiyo, waongezeke, wateke nitrati na fosfati kutoka majini, kisha waondolewe na mtambo wa povu. Tena, ili kuepuka wadudu waharibifu, wengi waliacha mawe hai wakaanza kutumia mawe makavu yaliyochimbwa nchi kavu au yaliyotengenezwa viwandani. Kila hatua kati ya hizo ina busara yake. Lakini zikikutana zote katika tangi moja, matokeo ni maji yasiyo na chakula cha mwani, juu ya mawe yasiyo na wakazi.

Hapo ndipo dinoflajelati hupata nafasi. Mwani wa kijani, diatomu na bakteria wengi huhitaji nitrati na fosfati iliyoyeyuka majini. Vikikosekana, hudumaa na kufa. Dinoflajelati anazo njia nyingine. Anaweza kumeza bakteria na chembe za chakula. Anaweza kuhama kwa mijeledi yake kutoka mchangani, ambamo uozo hutoa rutuba, hadi penye mwanga. Tena ute anaoutoa hunasa chembe zinazopita na kumkinga na walaji. Wenzake wanapotoweka, yeye hurithi shamba zima. Mkulima anayajua mambo ya namna hiyo: ardhi iliyochoka haibaki tupu, bali huota magugu yanayovumilia ufukara.

Ni haki kusema kwamba ushahidi mwingi wa maelezo haya umetokana na uzoefu wa wafugaji waliolinganisha vipimo vya matangi yao, na si majaribio mengi ya maabara. Hata hivyo unaafikiana vyema na yale yanayojulikana kuhusu lishe ya viumbe hawa.

Mwanafunzi makini atauliza swali moja gumu. Maji yanayozunguka miamba ya asili nayo yana nitrati na fosfati kidogo mno. Mbona miamba yote haijafunikwa na kamasi? Jibu ni kwamba kiasi kilichomo katika lita moja ya maji si sawa na kiasi kinachopita. Mwamba husafishwa usiku na mchana na maji mapya yanayokuja na planktoni wasiohesabika, na juu yake wamo walaji na washindani wa kila namna. Kila mkazi wa mwamba hupata kidogo, lakini hukipata bila kukoma. Tangi halina mkondo huo. Sufuri ya baharini na sufuri ya tangini ni sufuri mbili tofauti, na kosa la wafugaji wengi limekuwa kuiga kipimo cha bahari bila kuwa na bahari yenyewe.

Kutambua kabla ya kutibu

Utando wa kahawia si lazima uwe wa dinoflajelati. Tangi jipya karibu kila mara hupitia kipindi cha diatomu, ambao hutandaza vumbi la kahawia lisilo na nyuzi na huondoka wenyewe. Sianobakteria hufanya shuka, mara nyingi jekundu au la zambarau, linalobanduka kama kipande cha nguo. Anayetumia dawa ya sianobakteria juu ya dinoflajelati huwaua washindani wa ugonjwa na kuuacha ugonjwa.

Jaribio la kwanza halihitaji chombo cha maabara. Nyonya kamasi kidogo pamoja na maji, uitie katika chupa safi, uifunge na kuitikisa kwa nguvu hadi nyuzi zote zivunjike. Uchuje maji hayo kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha uyaache maji yaliyochujwa mahali penye mwanga kwa saa moja au zaidi. Iwapo nyuzi za kahawia zitajifuma upya ndani ya maji yaliyokuwa maangavu, basi kuna dinoflajelati, kwa kuwa seli zao zimepita katika karatasi na sasa zinatafutana. Nyuzi za sianobakteria kwa sehemu kubwa hubaki juu ya karatasi.

Jaribio hilo hueleza ni kundi gani, ila halielezi ni jenasi gani, na hapo ndipo tiba inapotofautiana. Hapana budi kutumia hadubini. Ya shule yatosha: lenzi ya macho ya kukuza mara 10 na lenzi ya chini ya mara 40 hukuza jumla mara 400. Tone moja la sampuli liwekwe juu ya kioo, lifunikwe taratibu, na litazamwe upesi wakati viumbe wangali hai, maana mwendo wao ni alama muhimu kuliko umbo. Katika hadubini nyingi za aina hiyo upana wa duara linaloonekana kwa ukuzaji wa mara 400 ni takriban mikromita 450. Kwa hiyo ukikadiria kwamba seli tisa zingeweza kupangwa mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, urefu wa kila seli ni kama mikromita 50.

Seli ya urefu huo, yenye umbo la tone la machozi, pana upande mmoja na iliyochongoka upande wa pili, ni Ostreopsis. Mwendo wake humsaliti mara moja: huzunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba, kwa sababu ncha yake imeshikwa na uzi wa ute. Coolia hufanana naye lakini ni wa mviringo zaidi na mdogo kidogo. Prorocentrum hana mfuo wa kuzunguka kiuno. Ameundwa kwa mabamba mawili yanayokutana kama maganda ya chaza, mijeledi yake yote miwili hutokea upande wa mbele, na katikati ya mwili wake mara nyingi huonekana doa la mviringo. Amphidinium hana mabamba. Kichwa chake ni kidogo, kimeinama upande mmoja kama mdomo wa ndege, na mwili ni bapa. Wafugaji hugawa Amphidinium katika makundi mawili: wenye seli ndogo za mikromita 12 hadi 20, wanaokwenda mbio, na wenye seli kubwa, wanaoteleza polepole juu ya mchanga na kuufanya uonekane kama umenyunyiziwa kutu.

Diatomu hutambulikana kwa ganda lao la silika lenye mistari na kwa mwendo wao wa kuteleza mbele na kurudi nyuma kwa njia ile ile, bila mjeledi wowote.

Matibabu

Hatua ya kwanza ni moja kwa jenasi zote, nayo ni kuacha kuwafukarisha washindani. Punje za kunasa fosfati ziondolewe, spiriti na siki zikome, mtambo wa povu upunguziwe saa za kazi, na samaki walishwe vizuri zaidi. Mara nyingi hayo hayatoshi, na inabidi kutia rutuba kwa kipimo. Wafugaji wenye uzoefu hulenga nitrati ya miligramu 5 hadi 10 kwa lita, na fosfati ya miligramu 0.05 hadi 0.1 kwa lita.

Hesabu yake ni zoezi zuri la kidato cha tatu. Chukua tangi lenye lita 400 za maji halisi, yaani baada ya kutoa nafasi ya mawe na mchanga, ambalo nitrati yake inasoma sufuri. Ili kufikia miligramu 5 kwa lita zinahitajika miligramu 2,000 za nitrati. Uzito wa fomula wa nitrati ni 62, na wa potasiamu nitrati ni 101. Kwa hiyo chumvi inayotakiwa ni 2,000 × 101 ÷ 62, yaani karibu gramu 3.3. Kwa fosfati kiasi ni kidogo mno kupimwa kwa mizani ya shule. Kuongeza miligramu 0.05 kwa lita ni sawa na miligramu 20 za fosfati kwa tangi zima, nazo hupatikana katika miligramu 28.7 hivi za potasiamu dihidrojeni fosfati (uzito wa fomula 136, dhidi ya 95 wa fosfati). Njia ni kuyeyusha gramu 2.87 katika lita moja ya maji yaliyokenekwa na kutumia mililita 10 za mchanganyiko huo. Chumvi ziwe safi za maabara. Mbolea ya shambani haifai, kwani huweza kuwa na amonia na metali.

Nitrati hubaki majini, lakini fosfati huweza kutoweka kesho yake. Mawe na mchanga wa chokaa huinasa juu ya uso wao, hasa yakiwa makavu na mapya, na dozi za kwanza zote huishia huko. Hapana sababu ya kukata tamaa wala ya kutia dozi mara tano kwa mkupuo. Ipimwe kila siku, itiwe kila siku, mpaka kipimo kisimame. Wapo wanaotaka kufuata uwiano wa Redfield, mtaalamu wa Marekani ambaye tangu mwaka 1934 alionyesha kwamba planktoni na maji ya bahari hulingana katika naitrojeni na fosforasi, kwa atomu 16 kwa 1. Uwiano huo huhusu jinsi miili ya planktoni ilivyoumbwa. Si cheti cha daktari kwa kila tangi, na kuung'ang'ania kumewasumbua wengi bure. Jambo lenye uzito ni kwamba kimoja kisifike sufuri.

Mwani wa kijani ukianza kuota juu ya kioo, hiyo ni dalili njema, ingawa mfugaji aliyezoea kuupiga vita huona uchungu kuuacha.

Hatua ya pili hutegemea jina lililopatikana kwa hadubini. Katika matangi, Ostreopsis huachia mawe na kuelea majini usiku. Coolia na Amphidinium wadogo huweza kufanya hivyo pia. Hao hunaswa kwa taa ya urujuanimno: maji huvutwa kutoka tangi lenyewe, hupitishwa polepole kando ya taa iliyofungwa ndani ya bomba, na miale ya mawimbi ya nanomita 254 huharibu DNA ya seli zinazopita. Kipimo wanachotumia wafugaji ni takriban wati 1 kwa kila lita 10 hadi 12, na maji yote yapite mara moja hadi tatu kwa saa. Kwa tangi la lita 400 ni wati 35 hadi 40, nguvu ambayo ni kubwa kuliko inavyoandikwa juu ya makasha ya taa nyingi. Wengi walioshindwa walitumia taa ndogo au waliyaendesha maji mbio mno. Mahali pa Ostreopsis mabadiliko huonekana baada ya siku chache.

Amphidinium wakubwa hawaachi mchanga, usiku wala mchana. Kuwawashia taa ya urujuanimno ni kama kumtegea panya mtego katika nyumba asiyoishi. Hao huondolewa na mshindani: mfugaji hutia sodiamu silikati hadi silika ifike miligramu 1 hadi 2 kwa lita, pamoja na nitrati na fosfati zilizokwisha kutajwa, ili diatomu waweze kujenga maganda yao na kutwaa uso wa mchanga. Mchanga hubaki na rangi ya kahawia kwa majuma kadhaa, tofauti ikiwa ni mwenye rangi hiyo. Silikati ikikomeshwa baadaye, diatomu hupungua kwa njaa na konokono huwala bila madhara.

Kuzima taa na kufunika tangi kwa siku tatu hupunguza kamasi kwa haraka, na wakati mwingine huokoa tumbawe lililokaribia kufa. Lakini peke yake si tiba. Chembe zilizobaki mchangani hurudi mara mwanga unaporudi, nazo hukuta washindani wamedhoofika zaidi kuliko mwanzo. Njia hiyo itumike pamoja na taa ya urujuanimno, baada ya rutuba kupatikana. Vivyo hivyo unyonyaji wa kamasi: maji yanyonywe kupitia kitambaa chenye matundu ya mikromita 5 hadi 10 na kurudishwa tangini, badala ya kumwagwa na kujaza maji mapya, kwa kuwa maji mapya huzimua rutuba iliyotiwa kwa taabu. Kipande cha jiwe hai au kiganja cha mchanga kutoka tangi lenye afya la rafiki huleta bakteria, diatomu na wadudu wadogo walaji ambao hawapatikani dukani.

Dawa za kuua mwani zaepukwe. Seli zikifa zote kwa pamoja huachia sumu yao majini na kuoza kwake humaliza oksijeni. Samaki walionusurika ugonjwa hufa kwa tiba.

Tahadhari

Suala la sumu lina historia ndefu kuliko la matangi. Mwaka 1971 Moore na Scheuer walitangaza kuitenga kutoka kwa Palythoa, mnyama laini wa jamaa ya matumbawe aliyepatikana Hawaii, sumu waliyoiita palitoksini, mojawapo ya zilizo kali kabisa kati ya sumu za viumbe. Hufanya kazi kwa kuishika ile pampu ya ukuta wa seli ambayo kwa kawaida hutoa ayoni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu, na kuigeuza kuwa tundu lililo wazi. Ostreopsis hutengeneza sumu za ukoo huo huo. Mwaka 1994 mtu mmoja alikufa nchini Madagaska baada ya kula samaki wa jamii ya dagaa, na uchunguzi ukaonyesha sumu ya namna hiyo. Mwaka 2005, katika pwani ya Genoa, Italia, watu wapatao 200 walihitaji matibabu kwa homa, kikohozi na shida ya kupumua baada ya kuvuta hewa ya ufukweni wakati wa mlipuko wa Ostreopsis.

Kwa hiyo mfugaji avae glovu na miwani, asianzishe unyonyaji wa maji kwa kuvuta mpira kwa mdomo, na asiwe na kidonda mkononi. Mawe yasichemshwe wala kumwagiwa maji ya moto ndani ya nyumba. Familia kadhaa za Marekani na Ulaya zimelazwa hospitali baada ya kuvuta mvuke wa mawe yenye Palythoa. Makaa amilifu yawekwe katika njia ya maji na kubadilishwa mara kwa mara ili yanase sumu. Konokono wapya wasinunuliwe mpaka ugonjwa upite. Taa ya urujuanimno isitazamwe kwa macho hata kwa nukta moja.

Kazi ya maabara

Shule nyingi za nchi yetu hazina tangi la matumbawe, lakini viumbe hawa si wageni kwetu. Ostreopsis, Gambierdiscus, Prorocentrum na Amphidinium wameandikwa katika maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi, na dinoflajelati wa jamii zenye sumu wameonekana katika pwani ya Zanzibar. Shule ya pwani yaweza kuwatafuta hivi: maji yanapokupwa, kata majani machache ya nyasi za bahari au mwani wa kahawia, yatie taratibu katika chupa yenye maji ya mahali hapo, ifunge na uitikise kwa dakika moja. Chuja takataka kubwa kwa kitambaa cha chandarua, acha maji yatulie kwa saa mbili hadi tatu, kisha chukua tone kutoka chini kabisa. Walimu wa bara wasijione wametengwa, kwani Ceratium na Peridinium huishi katika maji baridi, na tone la bwawa au ziwa laweza kuwaonyesha, Ceratium akiwa na pembe zake ndefu zisizosahaulika. Wanafunzi wachore kila kiumbe kwa mwendo wake, kwa kutumia mshale unaoonyesha njia, na wakadirie urefu wake kwa hesabu ya upana wa duara iliyotolewa hapo juu. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi, na sampuli isimwagwe katika mtungi wowote wa nyumbani.

Maswali machache ya kumalizia. Tangi la lita 250 lina nitrati sufuri. Zinahitajika gramu ngapi za potasiamu nitrati ili ifike miligramu 7 kwa lita? Seli 15 za Prorocentrum zingejaza upana wa duara la mikromita 450. Kila moja ina urefu gani? Mfugaji huwalisha samaki wake kila siku, na chakula hicho kina fosforasi. Eleza kwa nini kipimo chake cha fosfati bado chaweza kusoma sufuri, ukitaja angalau mahali pawili ambapo fosfati hiyo imekwenda. Na mwisho: mfugaji amenunua taa ya urujuanimno ya wati 40, ameiwasha majuma matatu katika tangi lake la lita 400, na mchanga wake ungali na rangi ya kutu wakati mawe ni safi. Atazame nini kwanza kwa hadubini, na anatazamia kukuta nani?